Ofisi Mpya na Mtani Aliyelala Mlangoni

Nilikuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka tisa, katika kijiji kimoja cha upande wa mdomo wa Ruvuma, ukishaiacha barabara ya Msimbati na kuingia mchangani. Siku hizi nimestaafu, nakaa Rahaleo, Mtwara mjini, na majirani wakinisikia nasema "ofisini kwangu" wanadhani nilikuwa na ofisi. Haya, ngoja niieleze hiyo ofisi.

Vyumba viwili. Kuta za udongo zilizopigwa lipu kwa nje tu, ile ya kumdanganya mpita njia. Juu bati la zamani lenye matundu, na kwenye kenchi popo, ambao walikuwamo kabla yangu na waliniona mimi ndiye mpangaji. Masika yakiingia nilikuwa nagonga muhuri kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mwavuli. Muhuri wenyewe haukulala ofisini hata siku moja, maana mlango ulikuwa unafungwa kwa waya. Nilikuwa naondoka nao ndani ya kikapu, umechanganyika na vitunguu na dagaa. Mwananchi mmoja alipeleka barua yangu ya utambulisho benki mjini, karani akainusa, akamuuliza kama imetoka kwa mtendaji au kwa mama lishe.

Kulikuwa na benchi la wageni pia. Lilivunjika na mkaguzi kutoka wilayani, mtu mzima na tai yake shingoni, akaenda chini miguu juu. Alipoinuka aliandika kwenye ripoti kwamba mazingira ya kazi hayaridhishi. Mimi nilikuwa nimeandika maneno hayo hayo kwa miaka minne bila kuanguka popote, na hakuna aliyenijibu. Anguko la mkaguzi mmoja likaleta majibu: kijiji kilikuwa na fungu lake la ushuru wa korosho, wilaya ingeongezea kidogo, na wananchi wakae wenyewe waamue kama wanataka ofisi ya halmashauri ya kijiji ijengwe upya.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Niliitaka ofisi ile. Niliitaka yenye vigae, feni, dari, na choo cha ndani. Nilishachagua na pazia, za maua ya zambarau, kwenye duka moja pale mjini, nikamwambia mwenye duka aniwekee. Kila usiku nikilala najiona nimekaa nyuma ya meza pana, mtu anabisha hodi, mimi namwambia "subiri kidogo" ingawa sina ninachofanya.

Sasa nimlete mtani wangu, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya matofali tu.

Mimi ni Mmakonde, nimezaliwa huko juu Newala. Yeye ni Mmakua. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kule, yeye akiwa mtoto wa mgongoni, wakapokelewa pale kijijini, wakapewa shamba, wakakaa. Alikulia pale, akaolewa pale, akafiwa na mume pale. Mikorosho yake aliipanda kwa mikono yake, na kiangazi alikuwa akichimba ming'oko, mizizi ya kula ya porini, akaichemsha, akaiuza kwenye beseni la bluu. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Siku niliyoripoti kazini alikuja kunitazama, akanizunguka mara mbili, akasema, "Loh! Tumeomba mtendaji, wametuletea Mmakonde. Ficheni panya zenu wasije wakaliwa." Nikamjibu, "Nimeambiwa hapa kuna Mmakua ambaye mama yake alivuka mto amebeba chungu kichwani, akamsahau mtoto, ikabidi arudi." Tukagongeana mikono. Tangu siku hiyo, hatukuwahi kusemezana neno la maana.

Ndivyo utani ulivyo kwetu, Wamakonde na Wamakua. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria, na wewe unacheka. Msibani ndiyo usiseme: ninyi mnalia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Jeneza likitaka kutoka, mtani analala mlangoni, hapiti mtu, mpaka apewe chochote, sukari au kuku au noti iliyokunjwa. Akishapokea anainuka, mambo yanaendelea. Na sheria kubwa ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika unapigwa faini, na aibu yake inakufuata mpaka kwa wajukuu.

Huyu mtani wangu alikuwa na shida moja, nami niliijua, ila niliijua kwa juu juu kama mtu anavyojua homa ya jirani. Hakuwa na kitambulisho cha taifa. Kila alipokwenda aliambiwa alete ushahidi kwamba yeye na wazazi wake ni watu wa hapa. Cheti cha kuzaliwa hana. Aliyezaliwa porini watu wakikimbia risasi atapewa cheti na nani? Bila kitambulisho, laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Na korosho zake, alizozipulizia dawa ya salfa mwenyewe mpaka macho yakavimba, zilipofika ghalani ziliandikwa jina la mpwa wa marehemu mumewe. "Mwaka huu mpwa wangu amevuna vizuri sana," alikuwa akisema, "ila sijui kwa nini mgongo unaniuma mimi." Tunacheka.

Alichokuwa nacho ni neno la baba yake tu. Baba yake, kabla hajafa, alimwambia kwamba kijiji kilipoanzishwa, katibu wa kwanza aliwaandika wote kwenye daftari kubwa la wakazi, kwa wino wa bluu. Daftari hilo hakuna aliyelijua lilipo. Mimi nilipokabidhiwa ofisi nilikuta maboksi ya makaratasi yamerundikwa chumba cha nyuma, mchwa wamejenga juu yake, na sikuwahi kuyagusa. Yeye aliamini daftari limo mle. Mimi nilidhani hizo ni hadithi za wazee.

Basi ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji, uwanja wa shule, chini ya turubai la harusi tuliloazima. Penye wengi pana mengi, na siku ile yalikuwa mengi mno.

Mwenyekiti wetu alikuwa upande wa ofisi. Yeye hakujali vigae. Alitaka mlango ulioandikwa MWENYEKITI, basi. Upande wa pili aliongoza mama mmoja mwembamba, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Alisimama akauliza, "Watoto wetu wanajisaidia vichakani, nyoka wanawasalimia kwa majina. Leo mnazungumza vigae? Vigae kwa miguu ya nani?"

Mwenyekiti akasema ofisi nzuri ni heshima, wageni wakija watatuheshimu.

"Na wageni wakibanwa?"

"Kitakuwepo choo cha ndani," mwenyekiti akajibu, kwa fahari.

"Kwa hiyo choo mtajenga," yule mama akasema, "ila cha mtendaji!"

Turubai zima likaangua kicheko, nami nikainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Mzee mmoja akapendekeza wajenge vyoo na ofisi ihamie humo. Kijana mmoja wa bodaboda akasema yeye anataka ofisi yenye mtandao. Mwingine akasema ushuru ni wa korosho, basi zinunuliwe salfa, kwisha. Ilikuwa saa saba mchana, jua limetukalia kichwani, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda nyumbani.

Ndipo mtani wangu akasimama, kanga ameifunga kiunoni.

"Mimi sina ugomvi na vyoo wala vigae," akasema. "Mimi nasema msibomoe. Mle ndani mmemweka baba yangu."

Watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Baba yangu, mama yangu na mimi mwenyewe, sote tumo mle. Mkitaka kubomoa, mtutoe kwanza."

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na mdomo wangu haujawahi kukisubiri kichwa. Nikasema, "Baba yako tutamtoa pamoja na popo wenzake, tumtupe jalalani!"

Jamani, walicheka! Yule mama wa vyoo alijifuta machozi. Mtani wangu naye akacheka, akapiga makofi, akakaa. Nilijiona hodari kweli, na jioni ile nilisimulia jibu langu kwa kila aliyepita. Leo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi.

Kura zikapigwa kwa mikono. Ofisi ilishinda kwa mikono michache, na sina uhakika kama mingine haikuwa inafukuza nzi. Mama wa vyoo akaapa hakuna atakayeingia ofisi ile na miguu misafi. Mimi nikapiga simu dukani kuulizia pazia.

Siku ya kuhamisha vitu tuliiweka Jumamosi asubuhi. Vijana wabebe meza, kabati na viti kwenda stoo ya shule. Na makaratasi? Nilitoa amri mwenyewe, kwa kinywa changu: yote ya kabla yangu yachomwe, maana yamejaa mchwa. Kijana mmoja alishaandaa moto nyuma ya nyumba. Boksi la kwanza lilipoinuliwa, tukamwona mtani wangu anakuja, kanga kajitanda kichwani kama mfiwa. Alifika, akajilaza chali kwenye kizingiti, akafumba macho.

"Haya!" vijana wakapiga kelele. "Maiti ya ofisi haitoki!"

Tulifurahi, maana hata kubomoa nyumba kunataka baraka. Mwenyekiti akatoa pakiti ya sukari, akamwekea kifuani. Ndiyo desturi, apokee, ainuke. Akaisukuma. Tukacheka, tukaongeza majani ya chai. Akasukuma. "Mmakua huyu ghali!" mtu akasema. Mke wa mwenyekiti akakimbia nyumbani akaleta doti ya kanga mpya, haijakatwa. Akaisukuma hata hiyo. Mwishowe akaletwa jogoo, jogoo mzima, mwekundu, amefungwa miguu, akawekwa ubavuni mwake akipiga kelele.

Akageuza uso upande mwingine.

Kicheko kilianza kupungua, kimoja kimoja. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mtani anayekataa jogoo hakuna aliyewahi kumwona. Nikachuchumaa pale kizingitini nimtukane kidogo ainuke. Alikuwa amefumbua macho, yananitazama, na hayakuwa na utani hata chembe.

"Dada," akaniambia, polepole, wasisikie wengine, "nisaidie."

Miaka mingi namjua, ameniita mla panya, ameniita kichwa cha kinyago, ameniita mzigo wa wilaya. Dada hakuwahi kuniita. Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni. Alikuwa ametuambia mbele ya kijiji kizima, wazi kabisa, kilichomo mle ndani, na sisi tulicheka kwa sababu ni yeye aliyesema.

Nikasimama nikawaambia vijana wazime moto. Hawakunielewa. Nikawaambia tena, kwa lugha ambayo mtumishi wa umma hapaswi kuitumia, wakaelewa.

Tulikaa chini mimi na yeye, tukafungua maboksi. Mavi ya popo, mchwa, vumbi. Tulipiga chafya mpaka jogoo akanyamaza kutusikiliza. Orodha za mbegu, risiti za mchango wa mwenge, barua za mapenzi za katibu fulani ambazo nilizisoma zote, sioni haya. Kwenye boksi la mwisho kabisa, adhuhuri inaadhiniwa, likatoka daftari kubwa, uti wake umeliwa, kurasa zimegandana. Wino wa bluu.

Yeye kusoma hajui. Alikaa amepiga magoti, mikono mapajani, mimi nafunua ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya kisu. Nilipolifikia jina la baba yake nilisimamisha kisu, akajua.

"Nipo?"

"Upo." Nikasoma: jina la baba, jina la mama, watokako, shamba walilopewa. Halafu nikafika mwisho wa mstari. Yule katibu hakuwa ameuliza jina la mtoto. Alikuwa ameandika: na mtoto wa kike mmoja, wa mgongoni.

Nikamweleza. Alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kitako vumbini. "Basi wakaniandikie hivyo hivyo kwenye kitambulisho," akasema. "Bi Mgongoni!" Nami nikacheka.

Nikapiga simu wilayani, nikaeleza. Nikaambiwa bahati nzuri: mhandisi anakuja kuwasilisha michoro ya ofisi mkutanoni, na afisa wa vitambulisho atapanda gari hilo hilo, maana mafuta ni ya shida. Afisa mwenyewe alikuwa kijana wa huko kanda ya ziwa, ana wiki chache tu Mtwara, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alilikagua daftari kwa heshima. Akasema ushahidi ni mzuri, ila haumtaji kwa jina. Kwa hiyo kijiji kikithibitishe mkutanoni kwamba mtoto yule wa mgongoni ndiye mama huyu.

"Hilo tu?" nikamwambia. "Kijiji kizima kinamjua. Uliza utakavyo."

Mjinga mimi. Nilisahau kijiji kile kimejaa Wamakonde.

Mkutano ulianza kwa michoro. Mhandisi akaitundika kwenye kamba ya turubai, akaonyesha madirisha ya alumini, ukumbi, ngazi yenye mteremko wa kupitishia baiskeli ya mlemavu. Mama wa vyoo akauliza kama madirisha hayo yanaweza kufunguliwa watoto wachungulie wenye choo. Ikawa vuta nikuvute, vicheko na matusi ya heshima, na watu wakawa wamechangamka kupita kiasi. Katika hali hiyo ndipo afisa wa vitambulisho akamwita mtani wangu asimame mbele.

Alikuwa amevaa vizuri siku ile. Ushungi mpya, viatu. Nilimwona anavyobana vidole.

"Ndugu wananchi," kijana akauliza, "mnamfahamu mama huyu?"

"Hatumfahamuuu!"

Turubai zima. Kwa sauti moja, kwa furaha kubwa, kama waliofanya mazoezi.

"Mmakua huyo! Mvusheni mto!"

"Tumemwokota juzi ufukoni, kaletwa na maji!" Huyo alikuwa mama wa vyoo, na sauti yake unaijua.

Na mtani wangu naye, Mungu wangu, desturi ikamshika. Mtu akitaniwa hadharani asipojibu ni kama amekufa. Akaweka mikono kiunoni. "Na mimi siwajui, enyi wala panya! Niko safarini tu!"

Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Kijana hakucheka. Aliinamisha kichwa akaandika. Kazi ya utendaji imenifundisha mambo machache, mojawapo ni kusoma karatasi ya mtu iliyogeukia upande wake. Nikasoma: Hawamtambui. Moyo ukanilipuka paa!

"Bwana afisa," nikamshika mkono, "huo ni utani."

"Mama," akanijibu, kwa adabu zote, "nimekiuliza kijiji kizima, kimenijibu. Na mwenyewe amesema yuko safarini. Mbele ya serikali mtu atatania?"

Kusema kweli alikuwa na haki. Nikachukua kipaza sauti. "Jamani, semeni kweli. Mnamfahamu."

Wakacheka zaidi. "Mtendaji naye kaanza!" Mimi ni mtani wake, nikimtetea, huo ni utani mtamu kuliko wote. Nikasema anastahili kitambulisho, wakagaagaa. Nikaapa wallahi, mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. Na kila walivyocheka ndivyo kalamu ilivyokwenda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, nami nikauona usaha unatoka mbele yangu.

Nikakasirika.

Sikupanga. Hasira zangu hazina hodi, zinaingia na mlango. "Nyamazeni!" nikapiga ukelele mpaka kipaza kikalia. "Nyamazeni, mnacheka na yeye anaandika! Mnajua ameandika nini? Ameandika hamumjui! Mwanamke huyu analima, anapalilia, anapuliza salfa, na korosho zake zinaitwa za mtu mwingine! Akitaka kupiga simu anapiga kwa jina la mtu mwingine! Mlikuja kwake na njaa zenu akawalisha ming'oko, leo mnamwambia mgeni hamumjui! Likija gari kumvusha mto mtalikimbilia nyuma mkisema tulikuwa tunatania?"

Kimya. Kimya ambacho pale kijijini sikuwahi kukisikia hata msikitini. Mtendaji amekasirikia utani, hadharani. Machozi ya hasira yalikuwa yananitoka, na kamasi pia, nisifiche. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyevua nguo.

Aliyesimama kwanza alikuwa mama wa vyoo. Alikuja mpaka mbele, kwa afisa, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza taratibu. "Mimi nimenyonya naye," akasema. "Mama yangu alipougua baada ya kunizaa, mama yake huyu ndiye aliyeninyonyesha. Yeye ziwa hili, mimi ziwa hili. Andika hivyo."

Mzee aliyeanguka kitini akainuka. "Mimi nilikuwa kijana. Mama yake alifika mtoni amechoka, nikampokea mtoto nikambeba mpaka hapa. Alinikojolea mgongo mzima. Ni huyu huyu." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema mama yake mzazi alipofariki, aliyemwosha maiti ni mwanamke huyu, alfajiri, mvua inanyesha, na hajawahi kumshukuru. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine tena.

Mtani wangu alikuwa amesimama pale katikati, na kila neno jema lilimtia hofu. Sisi mtani hatumsemi vizuri ila siku ya kumzika. Aliziba mdomo kwa ushungi, macho yamemtoka. "Acheni jamani," akasema, "acheni! Mnanizika mzima!" Hawakuacha. Kijana wa watu alikata mstari wake wa kwanza, akafungua ukurasa mpya, akajaza ule na nusu ya uliofuata.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombea vigae. Mama wa vyoo, ambaye hakuzaliwa juzi, akaona mwanya. "Na kwa kuwa leo tumeanza kusema kweli," akasema, "turudi kwenye vyoo." Ikaamuliwa pale pale: ofisi isibomolewe, iezekwe upya, chumba cha nyuma kiwekwe rafu na mlango wa kitasa kwa ajili ya madaftari, na fedha zilizobaki zikajenge vyoo vya shule. Mhandisi akakunja michoro yake. Mimi nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Pazia zangu za zambarau nadhani alizinunua mtu wa harusi.

Watu walipotawanyika tukabaki mezani watu watatu, kumalizia fomu. Mahali pa shahidi wa kwanza niliweka jina langu. Kijana akaniuliza, "Uhusiano wako na mwombaji?"

"Mtani."

Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Mama, mtani haipo. Kuna ndugu, jirani na mwajiri."

Nilikuwa nimechoka, kichwa kinanigonga. "Andika ndugu," nikamwambia.

Mtani wangu alikuwa amekaa kando yangu. Akanyoosha mkono, akaishika ile kalamu ikiwa bado mkononi mwa afisa.

"Usiandike ndugu," akasema. "Ndugu zangu wako ng'ambo, hakuna hata mmoja anayeijua sura yangu. Mpwa wa marehemu nilimwomba aje kunishuhudia, akasema ana kazi. Andika mtani."

"Lakini mama, nafasi yake haipo."

"Andika pembeni."

Kijana alinitazama. Ilikuwa zamu yangu ya kutania, nikamwonyesha pembeni kwa kidole. Akaigeuza karatasi upande, akaandika pembeni kwa herufi ndogo, akanipa nisaini hapo hapo.